Visu vya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu hakuwa mtu wa kuuliza habari. Ukifika kwake Nambis, kule Mbulu, ukishamwamkia shikamoo naye akaitikia marahaba, alinyoosha mkono mbele yako, kiganja juu. Alitaka kuona kisu chako. Kwake yeye habari za nyumbani, za afya na za akili ya mtu zote zilikuwa kwenye makali na kwenye mpini. Kuuliza kwa mdomo, alisema, ni kumpa mtu nafasi ya kudanganya.

Siku nilipopelekwa kutambulishwa sikuyajua hayo. Nilitoka Katesh nimevaa koti la kuazima, mikono yake ikiishia karibu na viwiko vyangu, nikiwa na baba mdogo aliyekuja kunisemea. Mama akanyoosha mkono. Nikadhani anataka zawadi, nikampa pakiti ya majani ya chai. Akaiweka pembeni, akanyoosha tena. Nikampa sukari. Akaiweka pembeni, akanyoosha tena. Nilikuwa nimebakiwa na mche wa sabuni, nikautoa na huo, na ndipo baba mdogo akaninong'oneza kwa sauti ambayo hata mbuzi zizini waliisikia, "Kisu, wewe! Anataka kisu!"

Nikatoa kisu changu. Kilikuwa na kutu hadi kwenye ncha, na mpini wake ulishavunjika zamani, nami nikauzungushia kipande cha tyubu ya baiskeli. Mama akakigeuzageuza, akakinusa.

"Huyu ndiye mwenye bucha?" alimwuliza baba mdogo, kana kwamba mimi sipo.

"Ndiye."

"Na nyama inakatika?"

"Inakatika, mama," nilijibu mwenyewe.

"Basi inakuonea huruma."

Hakukirudisha. Kikabaki kwake mpaka baada ya harusi, na kiliporudi kilikuwa kwenye ala ya ngozi ya mbuzi, kina mpini wa mzeituni wa porini uliolainishwa mpaka unateleza kama sabuni. Sikukitambua. Nilimshukuru kwa zawadi ya kisu kipya, naye akaniangalia kama anavyoangaliwa ng'ombe aliyesahau zizi lake.

Nieleze kidogo habari za bucha, nisije nikaonekana mjinga kuliko nilivyokuwa. Nilikuwa mtunza stoo kwenye mashamba ya ngano ya serikali, chini ya mlima Hanang. Ikaja miaka ya kuambiwa kwamba serikali inaacha biashara na kila mtu ashike yake. Pale Katesh kila mtu akawa mfanyabiashara kwa mkupuo. Waliojua kushona walifungua hoteli, waliojua kupika wakafungua gereji. Mimi ni Mbarbaig, nimekulia nyuma ya ng'ombe, nikaona hakuna atakayenifundisha nyama. Kumbe ng'ombe tulimjua kwa rangi, kwa ukoo na kwa hasira zake. Kumjua kwa kilo ni elimu nyingine. Mwaka wa kwanza wateja wangu walikuwa wakiondoka na mfupa wakidhani ni nyama, na wengine wakiondoka na nyama niliyodhani ni mfupa.

Lakini bucha ndiyo iliyonipa heshima yote niliyokuwa nayo Nambis, kwa sababu ya pembe. Mama alikuwa akitengeneza mipini, na pembe ya ng'ombe ndiyo aliyoipenda kuliko mti. Wakwe wenzangu walipanda Mbulu na kanga, mchele na mafuta ya kupikia. Mimi nilipanda basi na gunia la pembe mbichi. Kama hujawahi kusafiri na gunia la pembe mbichi siku ya jua, sitaki kukuharibia siku. Konda alinihamisha mara nyingi hadi nikajikuta juu ya keria, nimekumbatia gunia langu, nikimwomba Mungu mvua isinyeshe wala jua lisiwake. Mama akilifungua lile gunia alivuta harufu kama mtu aliyeletewa marashi, akasema, "Mkwe amekuja." Mpaka leo sijui kama alikuwa ananisema mimi au gunia.

Visu vyake alivitunza kwenye chumba kimoja na mahindi, vimepangwa ukutani kwa misumari. Vya zamani vilikuwa upande wa mlango: visu virefu vya kwetu bondeni vyenye ala nyekundu, visu vifupi vya wazee wa Kimbulu vya kuchunia ngozi, kisu cha mezani cha misheni chenye mpini wa mfupa, alichokipata kwa mpishi wa padre kwa njia ambayo yeye na mpishi hawakupenda kuieleza. Vipya, vile alivyovitengeneza kwa mikono yake, vilikuwa upande wa dirisha, vipate mwanga. Chuma chake alikitoa kokote: springi ya Land Rover, msumeno uliokatika, panga lililoisha. Hakuwa na karakana ya kufulia chuma. Alikaa uani na tupa na jiwe, akikuna chuma asubuhi hadi adhuhuri, akiimba nyimbo za kanisani na kuruka maneno aliyoyasahau. Wanaume wa kijiji walisema kazi ile si ya mwanamke. Aliwajibu kwamba ni kweli, na ndiyo sababu wakaileta kwake pale ilipowashinda.

Usidhani alikuwa na busara wakati wote. Alikuwa mgomvi na mwenye majivuno, na alikuwa mwongo pale kisu kilipohusika. Kisu chochote kizuri alichokiona Mbulu nzima alidai amekitengeneza yeye, au kimeigwa kwake. Harusini, watu wakicheza, yeye alikuwa jikoni akikagua visu vya wapishi, na aghalabu harusi iliisha kimoja kikiwa hakionekani. "Nimekichukua kukitibu," alisema ukimwuliza. Vingine vilitibiwa miaka.

Halafu kulikuwa na kile cha mpini mwekundu. Bidhaa za nje zilipojaa madukani, minadani ukaona visu vya kung'aa vimetandazwa kwenye turubai kama dagaa. Mama alivichukia kuliko nzige. Alisema kisu kinachong'aa hivyo kinajipenda chenyewe, hakiwezi kuipenda nyanya. Siku moja niliingia jikoni kwake bila kubisha, nikamkuta anakata kitunguu kwa kisu cha duka chenye mpini wa plastiki mwekundu, tena anakata upesi, vipande vyembamba kama karatasi. Tuliangaliana. Akakiingiza taratibu chini ya kanga yake.

"Kuna kitu umeona?" akauliza.

"Hapana, mama. Nimeona kitunguu."

"Basi menya kingine."

Na kuna habari ya kisu cha ngariba, ambayo aliisimulia mwenyewe, dhidi yake mwenyewe, na bila kucheka. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa akikeketa wasichana. Mama alifuata kile kisu chake kwa muda mrefu, akambembeleza, mwisho akakipata kwa kubadilishana na mbuzi jike mwenye mimba. Akarudi nyumbani anaamini amemaliza jambo. "Nikakitundika pale, mkwe, nikajisifu," alisema. "Mwezi uliofuata yule bibi akaenda dukani akanunua wembe. Nyembe zimejaa kila duka. Mimi nimebaki na kisu, yeye amebaki na mbuzi wangu na kazi yake." Kwa hiyo akaacha kufuata visu, akawa anamfuata yule bibi mwenyewe, kila Jumapili baada ya ibada, anakaa kwake uani hadi jioni, hamwambii lolote, anakunywa chai yake tu. Wenye wasichana waliona aibu kupita pale mbele yake. Sijui kama aliikomesha kazi ile. Najua kwamba mke wangu na dada zake hawakuguswa, na kwamba majani ya chai ya yule bibi yaliisha mara nyingi.

Alitaka kunifundisha. Hilo ni kosa lake pekee ambalo hakulikiri kamwe. Alinikalisha uani na tupa, akanipa kipande cha springi, akasema nikune mpaka chuma kiniambie basi. Nilikuna. Chuma hakikusema kitu. Nilikuna mpaka kipande kilichotakiwa kuwa kisu cha kuchunia kikawa kama sindano ya kushonea magunia. Akanipa kingine, na hicho kikawa kisu kweli, kimepinda kidogo kuelekea kushoto kama mtu anayesikiliza siri. Nikakitia mpini mwenyewe, kwa utomvu na nta kama alivyonionyesha. Nilirudi nacho Katesh nimevimba kichwa. Siku ya mnada, bucha imejaa watu, nikakiinua juu ili wote wakione, nikashusha kwa nguvu kwenye paja la ng'ombe. Mkononi nilibaki na mpini. Kisu chenyewe kiliruka, kikagonga mizani, kikatua ndani ya kikapu cha mama mmoja, katikati ya mchicha. Yule mama alikitazama, akanitazama, akauliza kama hiyo ni nyongeza.

Mama alipoyasikia alisema, "Kisu hakina adabu. Adabu iko mkononi." Tangu hapo kazi yangu ikawa kuleta pembe.

Sasa nisimulie ile siku ya sufuria, maana wapo wanaoisimulia vibaya.

Nilikuwa nimefika Nambis jana yake na gunia langu. Mke wangu alibaki Katesh na mtoto. Asubuhi yowe likapigwa upande wa juu. Ng'ombe wa jirani hawakuwa zizini, na kabla jua halijapanda habari zilishakamilika zenyewe: wameswagwa usiku kuelekea bondeni, Hanang, kwa Wabarbaig. Aliyewaona hakuwepo, lakini kila mtu alikuwa amezungumza na mtu aliyezungumza naye. Vijana wakaanza kukusanyika kwenye njia panda. Tukawasikia wakiimba.

Mimi nilikuwa Mbarbaig pekee kati ya Wambulu wa kata nzima asubuhi ile, nimekaa kwenye kigoda, nimeshika kikombe cha chai. Nilifanya walichofanya mababu zangu mbele ya simba: nilitafuta mlango. Ulikuwa mmoja tu, na ulielekea njia panda.

Mama alisimama uani akisikiliza. Kisha akaniangalia kwa muda, kuanzia viatu hadi kichwani, kama anayepima springi.

"Mkwe, chota maji. Jaza lile sufuria la misiba."

Nikachota. Akawasha moto mkubwa. Akaingia chumba cha mahindi, akatoka amebeba visu mikononi kama mtu aliyebeba kuni, akavimimina kwenye maji. Akarudi, akaleta vingine. Vya mlangoni, vya dirishani, vyote. Visu vyake vingi vilishikwa na utomvu na nta tu, ule mkia wa chuma ukiwa umezama ndani ya mpini. Maji yakichemka, utomvu unalainika.

"Mama, unapika nini?"

"Koroga."

Akanifunga kanga yake kiunoni, akanivisha kitenge kichwani hadi kwenye nyusi, akanipa mwiko. Yeye akakaa chini na koleo, akawa anaopoa kisu kimoja kimoja, anakishika kwa gunia bichi, anakipiga nyundo, mpini huko, chuma huku. Vile vyenye misumari alivivunja. Alivunja kazi ya miaka akiwa ametulia kama anamenya viazi. Nami nilikoroga. Sijawahi kukoroga kitu kwa bidii kiasi kile.

Wale vijana walipoingia walikuwa wengi, wamejaa ua. Mbele alikuwa kijana mrefu, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti nzuri sana. Hata akiwa na hasira adabu haikumtoka.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, wajukuu zangu."

"Bibi, tunaomba utuazime visu. Vile virefu."

"Vipo jikoni," alisema Mama. "Mnavitaka vibichi au vilivyoiva?"

Wakasogea. Wakaona sufuria linatokota chuma, na rundo la mipini iliyopasuka. Mmoja akaokota mpini, akaugeuza, akaurudisha. Kisha yule mwimbaji akaniona mimi.

"Na huyu ni nani?"

Mwiko ukasimama wenyewe.

"Mkwe wangu," alisema Mama, bila kuinua macho.

"Yule wa Katesh?"

Nilisikia maji yakichemka. Nilimsikia mtu nyuma yangu akibadilisha fimbo mkono.

"Yule yule. Mnasema watu wa kwao ndio waliochukua ng'ombe? Mtazameni vizuri. Huyu ndiye shujaa wao. Nimempa mwiko tangu asubuhi na hata kukoroga hajui. Koroga, mkwe!"

Nikakoroga. Maji ya moto yakanirukia mguuni, nikapiga kelele ambayo si ya kiume, na kitenge kikaniteleza kikafunika macho. Mmoja akacheka. Akajizuia, akashindwa. Wa pili akacheka. Yule mwimbaji alijitahidi sana kubaki na hasira, lakini hasira ni kama mgeni mwenye heshima zake: ikichekwa haikai. Wakati bado wanacheka, mwenyekiti wa kitongoji akafika akihema, akapata nafasi ya kusema nao, na wakakubali kutuma watu wawili wakafuate kwato kwanza.

Kwato zilienda hadi kwenye korongo nyuma ya shule. Ng'ombe walikuwa humo, wamekula maharage ya baba yake mwimbaji.

Hivyo ndivyo nilivyookolewa. Watu wa Nambis waliniita Mpishi kwa miaka, na jina lilishuka na basi likanifuata Katesh, na ninakiri kwamba lilinisaidia kuuza nyama.

Mama hakupenda niseme kwamba aliniokoa. "Nilitaka kubadilisha mipini," alisema. "Wewe ulikuwepo tu." Na mipini ilipotengenezwa upya, pembe nyingine zikiwa zimepinda kwa maji ya moto, visu vya kwetu vikiwa vimepata mipini ya Kimbulu na vya Kimbulu mipini ya kwetu, alinilaumu mimi. "Ulikoroga mno."

Ni mke wangu aliyenieleza, kama alivyosikia kwa dada zake, muda mrefu baadaye, tulipokuwa tunabishana kuhusu jambo lingine kabisa. Kati ya vile visu kilikuwemo kimoja ambacho mpini wake aliuchonga marehemu baba mkwe, siku za uchumba wao. Ndicho kitu pekee cha mikono yake kilichobaki. Mpini huo ulipasuka katikati kwenye yale maji. Jioni ile nilipokuwa nimelala na mguu wangu uliofungwa dawa, nikigumia nihurumiwe, Mama alikuwa amekaa chumba cha mahindi na vile vipande viwili mapajani, akijaribu kuvikutanisha, na havikukutana. Sikuwahi kumwambia kwamba najua. Nilimletea pembe, nzuri kuliko zote nilizopata, na safari hii niliziosha.

Tulipoambiwa kwamba sisi si Arusha tena, sasa ni Mkoa wa Manyara, watu walisherehekea. Mama aliuliza kama mkoa mpya utakuja na chuma kipya. Akaambiwa hapana. Akaendelea kukuna.

Mara ya mwisho niliyokaa naye kwa utulivu alikuwa ameshazeeka sana. Macho yalikuwa na ukungu na mgongo ulikataa kuinama. Nilipanda hadi Mbulu, nikachukua bodaboda. Nilimkuta peke yake, amekaa juani kwenye ngozi ya ng'ombe, miguu ameinyoosha. Mke wangu na shemeji zangu walikuwa wamekwenda msibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja wakati mzuri. Kucha zinaniumiza."

Sikumwelewa. Akanyoosha kidole kwenye miguu yake. Kucha zilikuwa ndefu, ngumu kama kwato, moja imeanza kuingia kwenye nyama.

"Mama, ngoja wenyewe warudi," nilisema. Kwetu mtu hamgusi mama mkwe, hata kivuli chake unakizunguka. Kwao nako si jambo la kufanywa.

"Wakirudi watalia habari za marehemu hadi Jumapili. Wewe ni mtu wa kwato. Kata."

Akanipa kisu kidogo, kipana kama jani la mahindi machanga. Nikapiga magoti. Nikauchukua mguu wake, nikauweka pajani. Ulikuwa mwepesi. Sikutegemea ungekuwa mwepesi namna ile. Nimepasua ng'ombe maisha yangu yote, na sasa nilikuwa naizungushia kisu kucha moja ya bibi kizee bila kuigusa.

"Unaogopa nini?"

"Nisikukate, mama."

"Ukinikata nitasema."

Nikakata taratibu, kipande kwa kipande, nikipuliza vumbi. Kuku walikuja kuangalia kama kuna cha kula, wakaondoka. Nilipofika kidole gumba nikagundua hajanikosoa kwa muda mrefu, na jambo hilo lilinitisha kuliko yote. Nikainua macho. Alikuwa amelala, kichwa kimeegemea ukuta, mdomo wazi kidogo. Kifua kilipanda na kushuka.

Kuuweka mguu chini kungemwamsha, na yeyote ambaye angenikuta nimeushika angeanza hadithi mpya. Nikabaki nimepiga magoti vile vile. Jua likatoka uani, likapanda ukutani. Upande wa chini nilisikia sauti za wanawake wakirudi kutoka msibani, na sauti ya mke wangu kati yao, wanakaribia.

Mama akafumbua macho, akayaelekeza nilipo.

"Bado upo?"

"Nipo, mama."

"Basi shika mguu wa pili."